Huruma katika ushairi wa Mvita

Kisiwani Mombasa, kuanzia Tononoka hadi Mji wa Kale, asiyemhurumia mwenzake huambiwa hana imani. Washairi wa Mvita nao hawakuichukulia huruma kuwa hisia tu. Ahmad Nassir Juma Bhalo, katika Utenzi wa Mtu ni Utu uliochapishwa mwaka 1979, anaupima utu kwa matendo. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Katika Sauti ya Dhiki (1973), diwani aliyoitunga gerezani, hakuililia nafsi yake pekee: shairi la "Usiniuwe!" linampa sauti mtoto aliye tumboni, anayemsihi mamaye. Mfungwa aliyestahili kuhurumiwa ndiye aliyemwombea mwingine huruma.