Chapati ya ndizi na papai: kitu kitamu kwa batoto wadogo, bila sukari

Mu masoko ya Goma, Bukavu ao Uvira, ndizi yenye ganda limeanza kuwa jeusi watu wengi hawaipendi. Lakini kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka 3, hiyo ndiyo nzuri: iko laini na tayari iko na sukari yake. Bamama wanaweza kuitia ndani ya chapati ndogo ya kukunja, inayoivia ku makala, bila tanuri.

Vitu vinavyohitajika (chapati 8 hivi)

– unga wa ngano vikombe 2
– mafuta vijiko 4 vya chakula. Yakiwa ya mawese mekundu, yanaongeza vitamini A
– maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, karibu nusu kikombe
– ndizi 3 zilizoiva sana
– kipande cha papai, bila mbegu

Namna ya kutengeneza

Kwanza kunawa mikono na sabuni. Matunda yanaoshwa, yanamenywa, yanapondwa, kisha yanapikwa ku moto mdogo dakika 5 hadi 7, bila maji, mpaka yashikane. Yakibaki majimaji, yatapasua chapati. Yanaachwa yapoe.

Unga unachanganywa na mafuta, maji yanatiwa kidogo kidogo mpaka donge liwe laini. Linapumzika dakika 20, linagawanywa na kusukumwa kama chapati ndogo nyembamba. Katikati kunawekwa kijiko 1 cha matunda. Chapati inakunjwa nusu na pembeni inabanwa kwa uma.

Zinaivia ku kikaango kikavu, moto kidogo, na kifuniko juu, dakika 4 ao 5 kila upande. Moto ukiwa mkali, nje inaungua na ndani unga unabaki mubichi.

Ya kuangalia

Ganda la chapati linapoa mbele, lakini matunda ya ndani yanabaki moto sana na yanaweza kuunguza kinywa. Mzazi anaipasua na kuionja kabla ya kumpa mtoto. Inakatwa vipande vidogo, na mtoto anakula akiwa ameketi, mtu mzima akiwa karibu; akikimbia ao akicheka na chakula mu kinywa, anaweza kusakamwa.

Kuongeza sukari haina lazima. Asali haipewi mtoto ambaye hajafikisha mwaka 1, maana inaweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa hatari unaoitwa botulisimu. Mtoto wa chini ya miezi 6 anabaki ku maziwa ya mama peke yake.

Hiki ni kitu cha kuonja kiisha chakula, hakichukui nafasi ya maharagi, ndagala, yai ao uji. Mtoto akishiba chapati mbele, sahani yake itabaki imejaa, na mwili wake utakosa vya kumkomalisha.