Kabla ya Jengo Kulikuwa na Watu

Nilikuwa kimya, na sababu ni aibu. Mwaka jana niliwaahidi kwamba hapa Nyamira tutakuwa na kikao cha waandishi wa programu kila mwezi. Tulianza tukiwa 9. Tukaandika barua kwa ofisi moja kuomba ukumbi, tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri miezi 8. Ukumbi haukuja, na kikundi nacho kikaisha: wengine walipanda basi la Nairobi, wengine wakaacha kupokea simu zangu.

Basi nikakaa chini nikajiuliza, hao wenzetu tunaowasifu walianzaje? Nikaona kwamba historia yao nilikuwa nimeishika kichwa chini miguu juu.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 5 Machi 1975, huko Menlo Park, California, watu kama 30 hivi walijibana ndani ya gereji ya Gordon French. Walikuwa na kompyuta moja ya Altair na maswali mengi. Ndio mwanzo wa Homebrew Computer Club. Kijana mmoja aliyekuwapo, Steve Wozniak, alitoka pale na hamu ya kuunda mashine yake mwenyewe. Mwaka 1976 ikawa Apple I. Hakuna aliyesubiri ukumbi.

Miaka 30 baadaye, Agosti 2005, wenzao wa Palo Alto walichoka kusikia habari za mkutano wa walioalikwa tu. Wakaitisha wa kwao, BarCamp, usio na mgeni rasmi wala ratiba iliyopangwa kabla. Ukija, unashiriki. Mtindo huo ukasambaa duniani, ukafika hadi Nairobi.

Sasa turudi nyumbani. Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao waliunda Ushahidi kwa siku chache tu, ili wananchi waripoti ghasia kwenye ramani. Waliwezaje upesi hivyo? Wengi wao walikuwa wakifahamiana tayari, wakisomana na kujibizana mtandaoni. Imani ilikuwapo kabla ya kazi.

Katika BarCamp ya Nairobi ya 2008 watu wakaanza kuzungumzia hitaji la mahali pa kukutana. iHub ilifunguliwa Machi 2010, ghorofa ya 4 ya Bishop Magua Centre, Barabara ya Ngong. Hesabuni wenyewe: watu kwanza, wazo likafuata, jengo likaja mwisho. Mwaka 2017 iHub ikahama jengo hilo, na 2019 ikanunuliwa na CcHUB ya Nigeria. Mlango ulibadilika, umiliki ukabadilika, lakini urafiki ulioanzia pale haukuuzwa pamoja na viti.

Sisi tulianza na viti!

Na jambo la kuchekesha ni kwamba Abagusii hatukuhitaji kwenda California kufundishwa haya. Wazee wetu walikuwa na risaga. Majirani wanakusanyika shambani kwako, wanalima, mwenye shamba anawaandalia chakula na kinywaji. Siku nyingine ni zamu ya shamba la jirani, nawe unabeba jembe lako. Risaga haikuwa na ofisi. Ilikuwa na zamu, na aliyekwepa zamu za wenzake alijua kwamba yake ikifika atalima peke yake.

Basi Jumamosi iliyopita tulijaribu upya, chumba cha nyuma cha hoteli moja mjini, chai na mandazi, kila mtu na tarakilishi yake. Tulikuja 5. Hakuna hotuba. Tulilima "shamba" la mmoja tu: kijana ambaye ameandika programu ya simu ya kumwekea mama yake hesabu za kilo za majani chai. Jumla yake ilikuwa ikizidi ile ya kwenye risiti, naye alikuwa karibu kuitupa. Baada ya saa 2 tukaona: mtandao ukikatika, simu inatuma rekodi ileile mara ya pili, na seva inaihesabu upya. Tukaipa kila rekodi namba yake ndani ya simu kabla haijatumwa; seva ikiiona namba hiyo tena, inaipuuza. Hesabu ikakubaliana na risiti.

Yule kijana alikuwa amekata shauri kuhamia Nairobi. Sijui kama ataghairi, na sitamlaumu akienda. Lakini alipokuwa akifunga mkoba wake aliuliza, "Jumamosi ijayo ni shamba la nani?"

Ni langu. Nitalipia chai.