Kaboni-14, Upimaji wake kwa Leza

Ufundi wa kukadiria, kwa nuru ya leza, kaboni yenye unururifu iliyomo katika damu, mkojo au tishu, ili ijulikane dawa iliyotiwa alama ya kaboni hiyo imefika wapi mwilini na imetoka kwa kadiri gani. Sampuli huchomwa hata ikawa gesi ya kaboni dioksidi, kisha gesi hiyo hutiwa katika chumba chenye vioo ving'aavyo mno, ambamo nuru isiyoonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa mikromita 4.5 hivi, huenda na kurudi mara elfu nyingi. Nayo ikikatwa ghafula, wepesi wa kufifia kwake ndio udhihirishao kiasi cha kaboni-14 kilichoimeza. Taabu yake, wala si haba, ni kwamba katika viumbe hai atomu hiyo ni kama 1 tu kati ya trilioni 1 za kaboni, na molekyuli nyingine humeza nuru yenye urefu wa wimbi ulio jirani na ule imezao kaboni-14, hivyo gesi aghalabu hupozwa. Mwaka 2011 wataalamu wa Italia walithibitisha kuwa leza yaweza kuitambua kaboni-14 hata kwa uhaba huo. Maabara ya Lawrence Livermore, California, iliyokwisha kuzoea kuipima kaboni hiyo kwa mashine kubwa za kuharakisha chembe, imeuelekeza ufundi huu kwenye utafiti wa tiba. Kwa wepesi wa kuhisi mashine hizo zingali mbele, lakini chombo cha leza hutoshea mezani, na hiyo ni fadhila kubwa.