Shamba la babu halina karatasi

Wandugu, babu alikimbia Masisi mwaka 1993 juu ya vita. Aliporudi, alikuta mutu mwingine kwa shamba lake, hati mkononi. Yeye hakuwa nayo: udongo alipewa na mwami, kwa desturi.

Sheria ya 1973 ilisema udongo wote ni wa serikali. Kifungu cha 389 kiliahidi ordonansi ya Rais kuhusu haki za desturi. Miaka makumi ilipita, haikutoka. Mwenye pesa akapata hati. Aliyekimbia akabaki na mashahidi tu.

Mwaka 2006, inchi za Maziwa Makuu zilisaini protokole ya kurudishia wakimbizi mali yao. Inakubali ushuhuda wa kuaminika. Lakini wanaojua miti ya mupaka wa babu wamebaki wawili. Sisi tuliosoma, tuwaandike leo.