Stendi ya pembeni na bamba lake
Pikipiki nyingi za mwanzo wa karne ya 20 zilisimamishwa kwa stendi ya nyuma, iliyoinua gurudumu zima kutoka ardhini. Stendi ya pembeni ilienea baadaye kwa wepesi wake: mguu mmoja wa chuma, springi, na chombo kinachoegemea kushoto. Lakini wepesi huo ulihitaji ardhi ngumu.

Biashara ya bodaboda ilianza kwa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda. Pikipiki zilipochukua nafasi ya baiskeli hizo, hasa baada ya Kenya kuziondolea pikipiki ndogo kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008, ziliegeshwa popote, penye mchanga na penye tope. Hapo ncha nyembamba ya stendi huzama, na pikipiki yenye magunia huanguka. Mafundi wa kuchomelea huweka bamba la chuma chini ya mguu ili kutawanya uzito; ni kazi ndogo yenye akili nyingi.

Kurefusha mguu kunataka uangalifu zaidi. Ukiwa mfupi, pikipiki huinama mno; ukiwa mrefu, husimama karibu wima na msukumo mdogo huiangusha kulia. Fundi makini huipima ikiwa na mzigo, kwa kuwa mzigo hubonyeza springi za nyuma na kushusha kimo chake.