Faili ya 1980 Ambayo Ingeokoa Sauti ya Cucu

Wasee, leo nawapa historia kidogo, lakini wacha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka jana nilirekodi ruracio ya binti wa mama mmoja hapa Karagita. Mimi huedit kwa kompyuta ya mtumba: diski ndogo ya kuendesha Linux, na diski ya pili, kubwa, ya kuweka kazi. Hiyo kubwa nilikuwa naiunganisha mwenyewe kila asubuhi kwa amri ya `mount`, ionekane ndani ya folda inayoitwa /kazi. Siku ya ruracio, nikiwa huko nje, stima ilipotea ikarudi, kompyuta ikajiwasha yenyewe. Nilifika usiku nimechoka, nikaweka kadi ya kamera, nikaambia programu inakili kila kitu kwa /kazi, nikalala. Asubuhi nikafuta kadi bila kuangalia.

Shida ni hii: diski ikiwa haijaunganishwa, folda bado ipo. Ni tupu tu, na inapokea chochote unachotupa ndani. Video zangu ziliingia kwa diski ndogo mpaka ikajaa, na zilizobaki hazikunakiliwa kabisa. Kati ya zilizopotea kulikuwa na cucu akibariki watoto. Mama aliniuliza tu, "Kijana yangu, hata sauti haiko?" Nilirudisha pesa yake, lakini maneno ya cucu hayarudishwi na M-Pesa.

Baada ya hapo nilianza kusoma. Nilitaka kujua ni nani alifikiria mambo ya diski namna hii.

Hadithi inaanza Bell Labs, Marekani, ambako Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao walitengeneza Unix. Kitabu cha kwanza cha maelezo yake kilitoka Novemba 1971, na amri ya `mount` tayari ilikuwa ndani. Diski za wakati huo zilikuwa ndogo sana, kwa hivyo mfumo ulipokua ilibidi uenee hadi diski nyingine. Wazo lao lilikuwa safi: usimsumbue mtu na diski ngapi ziko. Mwonyeshe mti mmoja wa mafolda, na kila diski ishikiliwe kwa tawi lake. Ndiyo maana folda yangu haikulia. Kwa Unix, folda tupu si kosa.

Lakini nani ataunganisha mashine ikiwashwa? Kwanza watu waliandika amri moja moja ndani ya faili ya kuanzishia mfumo, `/etc/rc`. Halafu mwaka wa 1980, toleo la 4.0BSD kutoka chuo cha Berkeley, California, likaleta faili inayoitwa `/etc/fstab`. Hiyo ni orodha tu: diski gani, iende folda gani, kwa masharti gani. Mashine ikiamka inaisoma yenyewe. Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka wa 1991, Linux ikarithi orodha hiyo. Hebu fikiria: kitengo cha kwanza cha umeme wa mvuke pale Olkaria, ng'ambo tu ya Hell's Gate, kilianza kazi mwaka wa 1981. Hii faili ni mkubwa wake.

Kulikuwa na donda moja, hata hivyo. Orodha ilitaja diski kwa mahali pake: `hda` ni ya waya wa kwanza, `hdb` inafuata. Ukibadilisha waya, majina yanabadilika. Kufikia 2007, Fedora 7 ilipotoka, diski nyingi zilizokuwa `hda` zilikuwa zinageuka `sda`, na orodha ya zamani ingeweza kutafuta diski isiyokuwepo. Ubuntu 6.10, ya Oktoba 2006, ilikuwa tayari imehamia UUID, namba ndefu ambayo kila patisheni hupewa inapofomatiwa. Ichukulie kama namba ya kitambulisho chako. Uhame kutoka Karagita uende Kongoni, ubadilishe ploti mara tano, namba ni ile ile.

Hata systemd, iliyoanza 2010 na ambayo sasa ndiyo huamsha Linux nyingi, bado inasoma fstab. Ila ni kali: diski iliyoandikwa ikikosekana, kwa kawaida inangoja sekunde 90, halafu inakutupa kwa hali ya dharura. Neno `nofail` linaiambia iendelee kuwaka.

Sasa maoni yangu. Wengi husema fstab ni ya watu wa seva. Mimi naona ni kinyume. Seva kubwa inaweza kukaa miezi bila kuzimwa. Ni sisi, tunaoona moshi wa Olkaria na bado stima inapotea tukipika, ambao mashine zetu huanza upya kila mara bila kuomba ruhusa. Kitu kinachotegemea mimi kukumbuka kila asubuhi kitaharibika siku moja. Kwangu kiliharibika siku ya cucu.

Kwa hivyo fanya hivi leo. Andika `lsblk -f` uone UUID ya patisheni yako. Weka nakala ya `/etc/fstab` kando, kisha uongeze mstari mmoja:

`UUID=namba-yako /kazi ext4 defaults,nofail 0 2`

Jaribu na `sudo mount -a` kabla ya kuzima mashine. Ukikosea, afadhali ujue ukiwa bado umeingia.

Na kwa sababu `nofail` itaacha mashine iwake hata diski ikifa, funga mtego ule ulionishika mimi: patisheni ikiwa imetolewa, andika `sudo chattr +i /kazi`. Folda tupu itakataa kuandikwa. Diski ikiunganishwa juu yake, kila kitu kinafanya kazi kama kawaida.

Mistari miwili hiyo ingetosha. Na tafadhali, usifute kadi kabla hujafungua video na kuicheza. Hilo halina amri.