Rangi mbili na kuhara damu kule Japani

Juzi mwenzangu wa chumbani tumbo lilimvuruga, akanunua tetrasaiklini, zile rangi mbili. Akameza mbili, zilizobaki akanipa: "Weka, siku ukiumwa." Nikapokea, tena kwa shukrani.

Jana maktaba nikakutana na Japani. Mwaka 1955 mgonjwa wa kuhara damu aliyetoka Hong Kong alikutwa na Shigella isiyosikia dawa nne: salfa, streptomaisini, kloramfenikoli, na hiyohiyo tetrasaiklini. Kilichowashangaza zaidi, baadhi ya wagonjwa walikuwa na E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo, sugu kwa dawa zilezile. Zote nne kwa bahati tu? Haiingii akilini. Mwaka 1959 Akiba na Ochiai, kila mmoja na wenzake, wakaonyesha kwamba bakteria hao wakigusana hupeana usugu wote kwa mkupuo, hata kama si jamii moja. Na sisi tulikariri kwamba kurithi ni kwa mzazi! Waliandika kwa Kijapani, wengi nje wakaja kuelewa Watanabe alipoandika kwa Kiingereza mwaka 1963.

Kumbe hata bakteria wangu wapole wanaweza kumtunzia adui silaha. Nimemrudishia mwenzangu vidonge vyake. Kacheka: "Mwalimu, umeanza."